Shauri la Matunzo la Mdogo Wangu

Nilianza kazi ya usaidizi wa kisheria kwa sababu ya mdomo wangu. Nauza nyanya Ilula, kando ya barabara kuu, na siku moja nilikuwa nabishana na utingo wa lori aliyetaka sado mbili kwa bei ya moja. Nilimjibu taratibu, hoja moja baada ya nyingine, mpaka akalipa na kuomba radhi. Sikujua kwamba mtendaji wa kata alikuwa amesimama nyuma yangu akisubiri zamu yake ya kununua. Wiki iliyofuata aliniita ofisini. Kulikuwa na mafunzo ya wasaidizi wa kisheria mjini Iringa, kata ilitakiwa kupeleka watu wawili, na mmoja alikuwa ameshapatikana: mwalimu mstaafu, mzee mpole mwenye baiskeli.

"Wa pili nataka mtu asiyeogopa kuongea," mtendaji akasema.

Nilipomsimulia mume wangu jioni ile alicheka mpaka akalazimika kuweka chini bakuli la mboga.

Mafunzo yalikwisha, tukarudi na vyeti, tukapewa chumba cha nyuma pale ofisi ya kata. Tuligawana na bwana shamba, kwa hiyo tulisikiliza matatizo ya watu katikati ya mabomba ya kupulizia dawa na mifuko ya mbegu. Jumanne na Alhamisi asubuhi nilimwachia jirani genge langu, nikavaa viatu vya kanisani, nikaenda kuwa mtu wa sheria. Kesi nyingi zilikuwa za mipaka ya mashamba na za matunzo ya watoto. Za matunzo nilizipenda zaidi, nakiri, kwa sababu nilikuwa nazijua kwa moyo: mtoto ana haki ya chakula, mavazi, malazi, matibabu na shule, wazazi wawe wamefunga ndoa au hawajafunga. Nilikuwa naitamka sentensi hiyo kwa sauti kubwa hivi kwamba bwana shamba naye aliikariri. Wanaume wawili watatu wa pale senta walianza kuvuka barabara wakiniona nakuja. Nilijisikia vizuri sana.

Alhamisi moja akaingia mwanamke mwembamba, kijana bado, ameshika begi kwa mkono mmoja na mtoto wa kike wa kama miaka minne kwa mkono mwingine. Alikuwa ametoka Ubaruku, kule Mbarali kwenye mpunga, akapanda gari mpaka barabara kuu, kisha basi la kuja huku. Hakuwa na mtu anayemjua Ilula. Alishuka, akauliza ofisi ya kata, na mtendaji mpya, aliyekuja baada ya yule aliyenipeleka mafunzoni, akamwelekeza kwangu.

"Karibu, dada," nikasema. "Kaa hapo, sogeza hilo bomba."

Akakaa. Akaeleza bila kulia, kama mtu aliyejisimulia habari yake njia nzima. Alikuwa akipepeta mchele kwenye mashine ya kukoboa, na baba wa mtoto alikuwa fundi wa mashine hiyo. Waliishi chumba kimoja miaka mitatu, bila ndoa ya kanisani wala mahari. Mtoto alipofikisha mwaka mmoja na nusu, fundi akasema anakwenda kutafuta spea Makambako. Hakurudi. Miezi ya kwanza alituma hela ya matumizi, kisha akabadilisha namba ya simu. Kitu pekee alichokuwa nacho mwanamke yule ni kwamba fundi alikuwa akisema kwao ni Ilula.

Nikachukua fomu, nikafungua kalamu.

"Jina la mlalamikiwa?"

Akanitajia jina la kwanza. Nikaandika. Akanitajia la pili, nikaandika, na mkono ukasimama wenyewe, kwa sababu la pili lilikuwa jina la marehemu baba yangu. La tatu lilikuwa la ukoo wetu.

Mimi pale Ilula naitwa kwa jina la mwanangu wa kwanza, mama fulani, hakuna anayenitaja kwa ukoo. Yule dada hakuwa na namna ya kujua. Nikajiambia labda wapo watu wawili wenye majina yaleyale matatu. Nikamuuliza, kwa sauti ya kiofisi kabisa, kama mlalamikiwa ana alama yoyote.

"Hana kovu," akasema. "Ila akicheka hufumba jicho moja, la kushoto."

Wakati huo mtoto alikuwa amegundua nyanya moja iliyosahaulika dirishani, ameing'ata, na juisi imemrukia bwana shamba kwenye shati. Mtoto akacheka. Jicho la kushoto likafumba.

Niliweka kalamu chini. Mwalimu wetu wa mafunzo alituonya tusishike kesi ya ndugu, na siku ile mjini Iringa tuliona ni onyo la bure, nani atamshitaki ndugu yake? Nikamwambia yule dada ukweli wote: huyu ni mdogo wangu, tumezaliwa tumbo moja, ndiye kitinda mimba wa mama yangu.

Akasimama hapohapo, akashika begi. "Kumbe nimekuja kushitaki nyumbani kwa mshitakiwa."

"Subiri kwanza."

"Nisubiri nini? Mtanizungusha tu."

Nikamwomba anisikilize kidogo tu. Nikamwambia sitashika shauri lake, atalishika mwalimu mstaafu, ambaye hana undugu na sisi wala hapendi mzaha. Akauliza: "Na wewe ulikuwa hujui kwamba mdogo wako ana mtoto?"

Swali hilo ndilo lililoniumiza. Kwa sababu nilijua nusu. Miaka minne nyuma mdogo wangu alinitumia picha kwenye simu, yeye amempakata mtoto mchanga, chini ameandika: wa jirani huyu. Niliitazama picha ile muda mrefu. Mtu hampakati mtoto wa jirani hivyo. Lakini nilikuwa na nyanya zinaoza na mwana anaumwa, na kuuliza kungeleta majibu. Nikamjibu kwa kialama cha kicheko. Hayo nayo nikamwambia yule dada, na sikumtazama usoni nikisema.

Akaketi tena. "Basi niitie huyo mwalimu," akasema.

Mwalimu akaja na baiskeli yake. Alimsikiliza kwa karibu saa mbili, akiandika kwa mwandiko ule wa ubaoni. Akamweleza kwamba kwa kuwa waliishi pamoja miaka mitatu, huenda sheria ikawatazama kama mke na mume, na anaweza kudai matunzo yake mwenyewe pia.

"Mimi simtaki yeye wala chake," akajibu. "Nataka mtoto ale, avae, aende shule. Basi."

Nilimkaribisha alale kwangu, akakataa kwa heshima. Alilala kwa mwalimu, na mke wa mwalimu akampikia makande.

Mdogo wangu alikuwa Nyololo, na sote nyumbani tulijua. Ana karakana ya kuchomelea pale kando ya barabara: mageti, madirisha, matela ya trekta. Yule dada alikuwa amepita mbele yake akiwa kwenye basi bila kujua, akimlisha mtoto karanga. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sisi tulilijua na yule dada hakulijua: mdogo wangu alikuwa ameposa. Binti wa kwaya ya Kilutheri, mwalimu wa chekechea, mtoto wa watu. Mama alikuwa ameshanunua kitenge cha harusi na kukipeleka kwa fundi.

Nikampigia simu.

"Dada, nani kakwambia?" ndilo lilikuwa neno lake la kwanza. Hakusema si kweli. Aliuliza nani kasema.

"Mtoto mwenyewe kaniambia. Kala nyanya yangu na kunichekea."

Akakata simu.

Kwa mama nilikwenda kwa kuzunguka sokoni ili nichelewe kufika. Nilimkuta anachambua maharage uani. Nikamsalimia, kamwene, akaitikia, nikasimulia. Mama hakuacha kuchambua. Mwisho akasema, "Kwa hiyo umempeleka ndugu yako polisi."

"Si polisi, mama. Ustawi wa jamii."

"Wiki tatu kabla ya matangazo ya kanisani."

"Mama, mtoto yupo."

"Watoto wapo wengi," akasema, akatupa punje mbovu kwa kuku. Siku nne hakupokea simu zangu. Mtu akitaka kujua ukali wa siku nne hizo, nyumba zetu zimeachana hatua mia mbili.

Kwa kuwa mlalamikiwa anaishi Nyololo, mwalimu alilipeleka shauri Mafinga, kwa afisa ustawi wa jamii. Wito wa kwanza mdogo wangu hakwenda. Wito wa pili akaenda, na akaenda na mama. Mama alipanda basi kutoka Ilula akiwa na mwavuli, mkoba, na hoja zake. Mimi nilikwenda pia, sina kazi yoyote kisheria, nikakaa mwisho wa benchi kama mtu aliyefuata huduma nyingine.

Mafinga ni baridi, na siku ile kulikuwa na ukungu wa kukata kwa kisu. Mtoto wa Ubaruku amezaliwa kwenye joto, hajui baridi ni nini. Alikuwa na gauni la mikono mifupi, anatetemeka huku anashangaa moshi unaotoka kinywani mwake. Mama yangu alikaa upande wa pili wa korido ameukunja uso, anatazama ukuta. Tukasubiri. Baada ya muda nikamwona anamtazama mtoto kwa pembeni. Kisha akanong'ona, lakini mama hawezi kunong'ona, korido nzima ilisikia: "Huyu mtoto amekula?"

"Amekunywa chai," mama wa mtoto akajibu.

"Chai si chakula."

Akafungua mkoba, akatoa kiazi cha kuchemsha alichojibebea mwenyewe, akakimenya. Mtoto akavuka korido kwenda kukichukua. Hakurudi upande wa pili. Tulipoitwa ndani mama alikuwa amemfunga mtoto kwa kitenge chake cha begani mara mbili, anaonekana macho tu.

Ndani, mdogo wangu alikuwa ameshajiandaa. Alisema hawezi kukubali wala kukataa, anataka vipimo. Afisa, mama mtu mzima mwenye subira, akamwambia ni haki yake, akamweleza utaratibu wa sampuli na gharama. Akawa anaendelea kueleza, mama yangu akamkatiza. Alimwambia mwanawe maneno ya Kihehe ambayo sitayaandika hapa, kisha akageukia Kiswahili ili afisa naye anufaike.

"Vipimo vya nini? Wewe mtazame. Hilo paji la uso nilikuzalia mimi, unaliulizia wapi?"

Mdogo wangu akamtazama mtoto kwa mara ya kwanza siku ile. Mtoto naye akamtazama, mdomo umejaa kiazi. "Huyu ndiye fundi?" akamuuliza mama yake.

Vipimo havikutajwa tena. Wakaandikiana makubaliano: hela ya matumizi kila mwezi kwa simu, bima ya afya, sare na vifaa vya shule akianza. Mdogo wangu akasaini, mwalimu akasaini kama shahidi, tukatoka nje tukanywa chai wote meza moja bila kuongea, isipokuwa mtoto aliyeongea kwa niaba yetu sote.

Ningependa kusema mambo yakaisha hapo. Yalikwenda vizuri miezi miwili. Wa tatu akatuma nusu. Wa nne hakutuma kitu, akasema kazi hakuna, umeme unakatika, wateja hawalipi. Yule dada akampigia mwalimu, mwalimu akavaa koti, safari hii wakaenda mahakamani kuomba amri ya matunzo.

Jioni moja yule dada akanipigia mimi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunipigia.

"Amesema mahakamani kwamba hana kipato," akaniambia. "Mwalimu anasema anahitajika mtu anayejua kazi yake. Mimi simjui mtu Nyololo. Nakujua wewe."

Nilimwambia nitafikiri. Sikufikiri, nililala tu macho wazi. Nilimbeba mdogo wangu mgongoni mimi, mama akienda shamba. Nilimfundisha kuhesabu kwa nyanya. Mume wangu akaniambia asubuhi, huku anafunga kamba za viatu, kwamba hajui nifanye nini, lakini anajua ningemwambia nini mteja yeyote aliyekaa kwenye kile kiti cha ofisi ya kata. Akaondoka. Sipendi mume wangu anapokuwa na akili asubuhi.

Nikaenda. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, si kama nilivyodhani, kwa kuwa mashauri ya watoto husikilizwa faragha. Nikaapa. Hakimu alikuwa kijana kuliko mimi. Akaniuliza namfahamuje mjibu maombi.

"Ni mdogo wangu, mheshimiwa."

Akanyanyua kichwa kunitazama, akaandika. "Anafanya kazi gani?"

"Ni fundi wa kuchomelea. Ana karakana Nyololo."

"Kazi ipo au haipo?"

Mdogo wangu alikuwa anatazama sakafu. Alikuwa anajivuta sikio, kama alivyofanya utotoni akishikwa na kosa. Nikasema kweli. Nikasema ana vijana wawili anaowalipa, amenunua mashine mpya ya kuchomelea mwaka huu, na anapaua nyumba yake. Niliyaona mabati kwa macho yangu. Nikasema pia, ingawa hakuniuliza, kwamba ni fundi mzuri, si mlevi, na kwamba umeme kweli unakatika.

Hakimu alitoa amri. Kiasi hakikuwa kikubwa cha kumuua mtu, lakini sasa kilikuwa na mhuri, na mdogo wangu alielezwa vizuri kitakachofuata asipolipa. Nje, mdogo wangu alinipita kama anayepita nguzo ya umeme. Yule dada akanishika mkono. "Asante, wifi," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo kabla. Nililia pale kwenye ngazi za mahakama, kilio cha aibu chenye kamasi, na mwalimu mstaafu akanipa leso yake iliyopigwa pasi.

Matangazo ya kanisani mdogo wangu alikuwa akiyaahirisha kila mwezi kwa visingizio, na sasa nilidhani mchumba atakimbia. Hakukimbia. Alikuja gengeni kwangu siku ya soko, akachagua nyanya moja moja kwa makini, akauliza bei, kisha akasema bila kunitazama kwamba amesikia yote, kutoka kwa mama. Mama alikuwa ameamua kumwambia mwenyewe kabla watu hawajamwambia.

"Umekasirika?" nikamuuliza.

"Sana. Si kwa sababu ya mtoto. Watoto ndiyo kazi yangu. Nimekasirika kwa sababu nilimuuliza uso kwa uso kama ana mtoto, akacheka." Akarudisha nyanya moja iliyobonyea. "Nimemwambia harusi itakuwepo akimaliza mwaka mzima hajaruka mwezi hata mmoja. Na meseji ya kila malipo nataka niione."

Nimefanya kazi hii miaka kadhaa sasa, nimeona hati za wito za kila namna, lakini sijaona iliyomkimbiza mtu kama hiyo. Mdogo wangu hakuruka mwezi. Mara mbili alituma kabla ya tarehe. Mwaka ulipotimia, matangazo yakasomwa kanisani, wakafunga ndoa, na mama akavaa kile kitenge ambacho kilibidi kitanuliwe kiunoni.

Mama siku hizi anakwenda Ubaruku kila baada ya mavuno. Anakwenda na viazi, anarudi na mchele na malalamiko: joto la kule, mbu wa kule, na jinsi mjukuu wake anavyoongea sana. Anasema hajui mtoto yule kairithi wapi tabia hiyo ya kuongea. Akisema hivyo ananitazama mimi. Mtoto yuko darasa la kwanza. Mama yake bado yuko kwenye mchele, ila sasa ana meza yake mwenyewe kule senta ya Ubaruku, anauza kwa kilo, na hajawahi kuniuliza habari za baba wa mtoto.

Mdogo wangu hakuongea nami kwa muda mrefu. Kwenye harusi alinisalimia kwa sababu ya watu. Kisha mwezi uliopita geti la mama likaanguka, bawaba zimeoza, na mama akatuita sote wawili bila kumwambia yeyote kwamba mwingine anakuja. Nikamkuta amechuchumaa, futi mkononi, chaki nyuma ya sikio. Nikasema kamwene. Akaitikia. Akapima, akaandika kwenye bati, akapima tena, uzito wa geti ukamshinda.

"Dada, shika hapa," akasema.

Nikashika.